Viwanda vya umma: viliuawa au vilijifia?

Mpita Moro:
Wakuu, juzi nilikuwa na shughuli Morogoro, nikazunguka kule viwandani. Roho iliniuma. Kiwanda cha viatu kimebaki hadithi. Arusha, General Tyre ilianza kutoa matairi 1971, ikafungwa 2009. Majembe ya UFI pale Ubungo, hadithi. Msimamo wangu: PSRC ya 1993, ile tume ya kubinafsisha mashirika ya umma, ndiyo muuaji. Mtu anauziwa kiwanda kwa bei ya kutupa, anang'oa mashine anauza chuma chakavu, jengo linakuwa ghala. Mwenye hoja tofauti aje nayo.

Kinyerezi Mwisho:
Mleta mada, umeanza hadithi katikati. Hivyo viwanda vilikuwa mahututi miaka kumi kabla ya PSRC. Mafuta yalipanda 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, tukaingia vita na Amin 1978, pesa ya kigeni ya kuagizia spea ikaisha. Bia na sigara zilibinafsishwa pia, mbona zilifufuka? Na tuambizane ukweli: wafanyakazi nao walikuwa wezi. Jora la kitambaa lilitoka getini limezungushwa tumboni. Mali ya umma ilikuwa shamba la bibi.

Binti wa Zamu ya Usiku:
Kinyerezi, hilo neno lifute. Mama yangu alikuwa mfumaji miaka 17 katika kiwanda kimoja cha nguo, sitakitaja. Kila zamu ikiisha walipanga foleni getini wakapekuliwa hadi vilemba wakavua, na wajawazito wakipapaswa tumbo. Alirudi nyumbani alfajiri na vumbi la pamba kwenye nyusi, kama mtu aliyezeeka usiku mmoja. Hatukuwa na hata shuka la kiwandani. Unamwita mwizi kwa ushahidi gani?

Kinyerezi Mwisho:
Dada, mama yako sikumtaja. Lakini mjomba wangu alikuwa mlinzi, aliyoyaona ameyaona.

Binti wa Zamu ya Usiku:
Umesema "wafanyakazi". Mama alikuwa mfanyakazi. Na huyo mjomba wako mlinzi, jora zima lilimpitaje? Jibu hapo.

Kinyerezi Mwisho:
Unaingiza ukoo wangu sasa?

Binti wa Zamu ya Usiku:
Wewe ndiye uliyeanza na wangu.

Mpita Moro:
Jamani, mada ni ubinafsishaji.

Tumbaku Kali:
Mada ni hiyo hiyo, mkuu. Mwizi mwenye jora moja anajadiliwa kurasa tatu, meneja aliyeteuliwa kwa barua bila kujua beringi wala nyuzi hatajwi. Wale wa 1983 waliokamatwa kwa uhujumu uchumi, wangapi walikuwa wafumaji?

Fundi Mstaafu:
Wanangu, poleni kwa joto. Nilikuwa fundi mitambo, ukumbi wa ufumaji. Wizi ulikuwepo, nisiwadanganye, ila haukuua kiwanda. Ngoja niwaeleze kilichoua. Mashine kumi, beringi zimekwisha, spea imeagizwa na kibali cha fedha za kigeni hakijatoka. Unafanyaje? Unaifungua moja, unavisha tisa. Mwaka ukipita unafungua ya pili. Tuliziita maiti zile, zimesimama pembeni hazina matumbo. Umeme nao ukikatika ghafla, nyuzi zinakatika kwenye mashine zote kwa pamoja, na kuziunga upya moja moja kwa vidole ni kazi ya nusu zamu. Mkirudi mko nusu ya lengo, na ofisini wanaandika "uzembe wa wafanyakazi". Huyo mama wa dada hapo juu namwamini. Wafumaji wazuri walijua kwa sikio mashine ipi uzi umekatika, kelele zote zile.

Binti wa Zamu ya Usiku:
Shikamoo baba. Mama alikuwa hivyo hivyo. Uzeeni akasikia vibaya, ila cherehani ya jirani ikikosea mshono alikuwa anageuza shingo.

Mwana Mtwara:
Mnazungumza spea, sisi kusini tuulizeni malighafi. Viwanda vikubwa vya kubangua korosho vilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Msimu wa 1973/74 tulivuna tani kama 145,000. Wakati huo huo watu wanahamishiwa vijiji vya Ujamaa, mikorosho inabaki porini kilometa nyingi. Kufika 1986/87, tani elfu 16 na kitu. Mashine mpya, korosho hakuna. Hapo nani alibinafsisha?

Kinyerezi Mwisho:
Ndiyo nilichosema! Na kile cha viatu Morogoro: jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziende Ulaya, hakikufika hata asilimia 10. Jengo lenyewe halipitishi hewa.

Tumbaku Kali:
Kumbe sasa umeachana na wezi? Mjomba kapumzika?

Kinyerezi Mwisho:
Tumbaku, heshima tafadhali.

Gerezani Kwetu:
Mnasahau Ruksa. Mzee Mwinyi alipofungua milango mitumba ikajaa, nani angenunua shati jipya la Mwanza?

Mwana Mtwara:
Milango ilianza kufunguliwa kwenye bajeti ya 1984, mwenye dola zake akaruhusiwa kuagiza. Mwalimu alikuwa bado Ikulu. Msimbebeshe Mwinyi peke yake.

Gerezani Kwetu:
Basi iwe 1984. Mitumba ni mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa, Marekani ikatishia kuwatoa kwenye AGOA, mpango wa kuuza bidhaa kwake bila ushuru, wote wakanywea isipokuwa Rwanda.

Mpita Moro:
Na aliyevaa mitumba hapa atatetea viwanda kwa mdomo gani?

Gerezani Kwetu:
Mkuu, nimelea watoto wanne kwa kibanda cha mitumba. Unipe shati jipya la hapa kwa bei ya mfuko wangu, kesho nafunga kibanda. Usinidharau.

Mpita Moro:
Samahani ndugu yangu, sikukulenga wewe.

Binti wa Zamu ya Usiku:
Fundi, kama bado upo, nina swali moja. Kiwanda kilipofungwa mama alisomewa jina getini, akaambiwa mafao yatafuata. Alifuatilia hadi 2004, kila mara faili halionekani. Ninyi mafundi mlilipwa?

Fundi Mstaafu:
Nusu, mwanangu. Nusu ya pili niliambiwa nilete kadi ya zamani ya kazi. Ninayo mpaka leo, ipo kwenye mkebe wa biskuti pamoja na beringi moja niliyoitengeneza kwa mkono. Nitafutie namna ya kumwona huyo mama kama bado yupo hai.

Binti wa Zamu ya Usiku:
Alifariki, baba. Kadi yake nami ninayo.

Kinyerezi Mwisho:
Dada, pole sana. Lile neno nimelifuta.