Filamu zisizo na sauti katika makumbusho madogo: tumekosea wapi?

Mkaazi wa Malindi anauliza

Assalaam alaykum. Makumbusho madogo ya hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako ninajitolea, yameanza kuonesha filamu za zamani zisizo na sauti uani, baada ya sala ya Isha. Tulianza na "The General" ya mchekeshaji Buster Keaton, ya mwaka 1926, lakini watu walionekana wakikimbia kama waliomwagiwa upupu, maandishi ya Kiingereza yalipita kabla watoto hawajayasoma, na ukimya ulizidi hata tukawa tunasikiliza jenereta la jirani. Turekebishe nini?

Fundi wa projekta

Waalaykum salaam. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa picha 16 hadi 20 hivi kwa sekunde, ilhali filamu za sauti zilikuja kuwekewa mwendo mmoja wa picha 24. Filamu ya picha 16 ikioneshwa kwa 24, dakika 60 zinakwisha kwa 40. Tafuteni nakala iliyorekebishwa mwendo, ila msipunguze kupita kiasi, kwani wachekeshaji wenyewe walikuwa wakipunguza mwendo wa kamera kwa makusudi ili mbio zao zichekeshe.

Bibi wa Vuga

Wanangu, ukimya huo mmeuleta nyinyi. Filamu hizi hazikukusudiwa kutazamwa kimya. Kulikuwa na mpiga piano au bendi nzima ukumbini, na Japani alikuwapo msimulizi aliyesimama kando ya pazia akizungumza kwa niaba ya wahusika. Hata hapa kwetu, jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921, kabla filamu za sauti hazijaenea. Ndilo lililojengwa upya baadaye likaitwa Majestic.

Mtafuteni mtu mwenye sauti ya kusikika, asome kila maandishi kwa Kiswahili mara moja tu, bila kuongeza mzaha wake. Kisha waombeni wapigaji wawili watatu wa taarabu, wa fidla, kanuni na dumbaki, wapige bila kuimba, maana maneno ya wimbo yatashindana na msomaji. Pale mzinga wa vita unapojiinamia wenyewe na kumwelekea Keaton juu ya treni, ala zote zinyamaze. Hapo ndipo kimya kina kazi.

Mkaazi wa Malindi

Ahsanteni sana. Nakala nyengine tumeipata, na mpiga fidla amekubali, kwa sharti kwamba aitazame filamu mara mbili kwanza. Bado tunamtafuta wa kanuni.