Naomba ushauri: ngoma ya mtemi pale Bujora, vijana waisomeje?

Wakuu habari zenu, nipo Mwanza nafundisha kidato cha pili, mwezi ujao nawapeleka vijana makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, na sitaki wapite tu wanapiga selfi halafu tunarudi. Nataka kila kundi likae na ngoma moja ya watemi, yaani machifu wa Kisukuma, waiangalie taratibu. Nimeshatangulia kuiona moja, ngozi imekakamaa ila upande mmoja imelainika inang'aa kabisa, vigingi vimepangwa karibu karibu, na huku chini mti umepasuka ukashonwa kwa kamba ya ngozi. Yaani mtu aliona bora aishone kuliko kuchonga nyingine! Sasa hapo ndo nakwama, kutoka kwenye huo ufa nafikaje kwenye utemi? Ngoma ilikuwa alama ya mamlaka ya mtemi, na utemi ulifutwa 1963, ila nikianza na historia watoto wanaacha kuangalia wanaanza kuandika notsi. Walimu wenzangu, mnaanza na macho au maelezo? Na wazee wa Usukuma, hizi ngoma nani alikuwa anaruhusiwa kuzigusa?