Programu gani ya simu inafaa kutunza kumbukumbu za kunyanyua vyuma?

Muulizaji, Makorora, Tanga

Ndugu zangu, habari za jioni. Ni mwezi wa kumi sasa nanyanyua vyuma katika jimu ya mtaani kwetu, na kumbukumbu zangu nimekuwa nikiziandika katika daftari la shule, ambalo kwa sababu ya jasho na wino unaochuja limefikia hali ya kutosomeka kurasa za mwanzo. Kabla yake nilitumia programu moja ya simu, lakini simu ilipoharibika kumbukumbu zote zilipotea nayo. Natafuta programu inayofunguka hata bando likiisha, inayopokea uzito kwa kilo, na isiyodai malipo kila mwezi. Aidha, baadhi ya vyuma vyetu ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, wala uzito wake hatuujui. Je, kuna maana ya kuyaandika?

Mchangiaji wa kwanza, Chumbageni

Kaka, kama simu yako ni ya Android, jaribu FitNotes. Ni ya bure, haina matangazo, na kumbukumbu hukaa ndani ya simu yenyewe, kwa hiyo bando halihusiki. Ukichagua zoezi, unaweza kuona ulibeba kilo ngapi na marudio mangapi mara ya mwisho, na kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa, kwa kuwa mtu aliyesimama mbele ya benchi huku wenzake wakimsubiri hana nafasi ya kupekua michoro ya rangirangi. Lakini kumbukumbu kukaa ndani ya simu ndiko kulikokuponza awali. Jizoeze kutoa nakala ya akiba kila Ijumaa na kuihifadhi nje ya simu.

Mchangiaji wa pili, Bagamoyo

Sipingi, ila kwa mtu aliyekwisha kupoteza kumbukumbu mara moja ningependekeza Hevy, kwa kuwa inakutaka ufungue akaunti, na ukibadilisha simu unaingia kwa akaunti ileile na kukuta kazi yako. Strong nayo ni nyepesi kutumia, lakini isiyolipiwa hukubana katika idadi ya ratiba unazoweza kutunza. Jambo moja la kuangalia: programu nyingi hukukadiria uzito wa juu kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja, na kanuni mojawapo inayotumika ni ya Epley, ambayo kwa kilo 60 marudio 8 hutoa kilo 76. Hayo ni makadirio tu, tafadhali usiende kuyajaribu peke yako pasipo mtu wa kukushikia.

Mchangiaji wa tatu, Ngamiani

Mdogo wangu, naona suala la makopo limerukwa. Mji wenye kiwanda cha saruji pale Pongwe hauwezi kukosa vyuma vya zege, na hakuna aibu yoyote. Yapeleke kwa muuza nafaka mwenye mizani, yapime, kisha andika uzito ubavuni kwa rangi. Usipopima, programu itakuchorea mstari unaopanda kwa namba za kubuni. Tena jimu zetu hazina sahani ndogo za kilo 1.25, kwa hiyo ukiongeza sahani za kilo 5 kila upande umeruka kilo 10 kwa mkupuo. Ongeza marudio kwanza: ukianza na seti 3 za marudio 8, subiri mpaka zote zifike 12 ndipo uongeze uzito. Basi programu yoyote inayotunza marudio ya kila seti peke yake itakufaa.

Muulizaji

Ahsanteni sana, kaka zangu. Nimeweka FitNotes, na leo asubuhi nimeyapeleka makopo soko la Mgandini, ambako muuza mahindi amecheka kwanza ndipo akanipimia. Moja lina kilo 9 na nusu, la pili kilo 8. Kumbe bega la kulia lilikuwa na haki ya kulalamika.