Trauti wamepotea mtoni kwetu, tununue vifaranga Kiganjo?

Mvuvi_wa_Mlima
Wadau salama? Niko upande wa Nyeri, mto wetu unatoka Aberdare. Nikiwa mdogo babu alikuwa anarusha flai ya kahawia (ile ndoano ya chambo bandia kinachofanana na mdudu) mara tatu nne hivi na trauti ashanasa, saa hii narusha kutoka asubuhi mpaka jua linazama narudi na njaa tu. Mvua ikinyesha maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, kiangazi unavuka bila hata kulowesha magoti. Tunafikiria vijana tuchangishane tununue vifaranga wa trauti Kiganjo, pale wanapozalishwa, tumwage mtoni. Itasaidia ama tunatupa pesa?

KamongoWaKisumu
Si huyo samaki ni mgeni jamani? Mlowezi Grogan aliwaleta 1905 kutoka Scotland akawamwaga mto Gura, leo mnamlilia kama wa ukoo. Huku ziwani mbuta (sangara) aliletwa hivyo hivyo na fulu, wale samaki wetu wadogo wa asili, tukawaaga.

Dada_Thego
@Kamongo kwa historia hapo huna makosa, na kumpeleka trauti mto ambao hajawahi kufika mimi siungi mkono kabisa. Lakini mto wa huyu ndugu haukuharibiwa na trauti, yeye ndiye ameondoka wa kwanza, kesho ni nyinyi mnaokunywa.

Mvuvi, hiyo pesa ya vifaranga shika kwanza. Trauti anataga kwenye kokoto na yale mayai yanataka maji safi yapite katikati, sasa udongo wa shamba ukishuka unaziba kila kitu yanakosa hewa yanaoza. Halafu maji yakipita digrii 20 anaanza kuhangaika kwa sababu maji ya moto hayashiki oksijeni. Kwa hivyo hesabu pampu za kuvuta maji zilizo juu yenu, angalia nani amelima mpaka ukingoni na nani amekata miti ya kivuli akaweka mikaratusi. Na ingia mtoni ugeuze mawe!! Ukikuta vile vidudu vyembamba vya mikia mitatu kuna matumaini, hicho ndicho chakula chake na ndio hiyo flai ya babu ilikuwa inaigiza. Ukikuta minyoo myekundu peke yake, utamwaga vifaranga wafe.

Msafiri_Oregon
Nakazia hapo. Huku Marekani mto Klamath walimaliza kubomoa mabwawa manne 2024, na mwezi wa kumi mwaka huo huo salmoni wakaonekana upande wa Oregon, walikuwa hawajafika tangu 1912. Njia ilifunguka wakapanda wenyewe. Najua salmoni ni wa huku na trauti huko ni wa kuletwa, lakini maji ni maji.

Mvuvi_wa_Mlima
Asanteni. Leo nimeshuka na jirani tukageuza mawe kama ishirini hivi, hapa chini ya daraja ni tope na minyoo, jiwe ukiliinua linatoa wingu. Tukapanda karibu kilomita mbili mpaka pale msitu unaanzia na weh, maji baridi mpaka vidole vinauma, jiwe la kwanza tu vidudu sita vya mikia mitatu! Na katikati ya hapo na hapo nimehesabu pampu kumi na moja. Moja ni ya mjomba wangu, sijui nitaanzaje hiyo stori jioni.

Dada_Thego
Haha anza na chai. Halafu muulize kama anajua ukingo hautakiwi kulimwa, angalau mita 6.