Kompyuta za kituo: tufute Windows kabisa, au tuweke Linux kando yake?

Mleta mada, Kisumu:
Kituo chetu cha vijana hapa Kondele kina kompyuta 12 za mkono wa pili zinazotumia Windows 10, mfumo ambao Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inazikataa, kwa kuwa inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, ilhali zetu ni za kizazi cha 4. Kamati imegawanyika: wapo wanaotaka Windows ifutwe na Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, iwekwe mahali pake, na wapo wanaotaka diski igawanywe ili mtumiaji achague mfumo kila anapowasha mashine. Mimi naunga mkono kufuta, nami nalisema mapema nisije nikashukiwa kuficha msimamo. Diski zetu ni za GB 128, na tukizigawa kila mfumo utaishi kwa kubanana. Tena ile Windows iliyobaki itaendelea kuingia intaneti bila masasisho, tuwe tumefanya kazi kubwa na kubaki na tatizo lile lile.

Mwalimu wa kompyuta, Kisumu:
Sikubaliani. Wanafunzi wangu hujifunza hifadhidata kwa Access na uchapishaji kwa Publisher, programu ambazo hazina toleo la Linux. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure inayotumika kwenye Linux, inatosha kwa barua na hesabu za kawaida, lakini mtoto asikutane na menyu ngeni wiki chache kabla ya mtihani. Wapo pia wazazi wanaojaza fomu ya Excel ya iTax (mfumo wa kodi wa mtandaoni), yenye makro, yaani amri za kujiendesha, ambazo LibreOffice haiziendeshi vizuri kila mara. Mzazi huyo akikwama mara moja, atakwenda saiba ya jirani na hatarudi.

Fundi, Nakuru:
Nimefanya yote mawili. Kabla ya kubishana, washeni Linux kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, mwone kama Wi-Fi na printa zinafanya kazi. Mkiamua kugawa diski, nakilini kwanza data yote, kwa maana stima ikipotea katikati ya shughuli hiyo, mafaili yanaweza kupotea nayo. Zimeni pia uwashaji wa haraka wa Windows, kwa sababu huiacha sehemu yake ya diski katika hali ya nusu usingizi, na Linux ikashindwa kuandika humo. Saa nayo itawasumbua: Linux huisoma saa ya mashine kama UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama saa ya hapa, basi mtakuta tofauti ya saa 3 (hilo hurekebishwa kwa amri moja). Lisilo na dawa ya kudumu ni masasisho; lile la Windows la Agosti 2024 liliizuia Linux kuwaka katika mashine nyingi za mifumo miwili.

Mleta mada:
Basi napendekeza hivi: mashine 10 ziwe za Linux pekee, na 2 zibaki na Windows bila intaneti. Access haihitaji mtandao, na fomu ya kodi inaweza kujazwa hapo, ikabebwa kwa flashi na kupakiwa kutoka mashine ya Linux.

Mwalimu wa kompyuta:
Mpango naukubali, hesabu siikubali. Nina wanafunzi 9. Nipeni 4.