Tupeane uzoefu: seti za zamani za Hearthstone na hesabu zake

#1
Wakuu, Hearthstone, mchezo wa kadi wa kompyuta, ilipotoka Machi 2014, shujaa alikuwa na uhai 30, seti (fungu la kadi unalochezea) kadi 30, na mana (ya kulipia kadi) ilipanda moja kila zamu mpaka 10. Humo ndani zilizaliwa seti tamu ambazo ukikosea hesabu moja umekwisha. Tuziandike na namba zake, sifa peke yake hazitoshi.

Naanza na shujaa Gul'dan, seti yake ya majitu. Yeye hulipa mana 2 na uhai 2 kulamba kadi moja ya ziada. Mountain Giant (nguvu 8, uhai 8) bei yake ni mana 12, ikishuka moja kwa kila kadi nyingine iliyo mkononi. Ukiwa wewe unayefungua mchezo, una kadi 3. Zamu ya kwanza zinakuwa 4. Ya pili 5, lipa, 6. Ya tatu 7, lipa, 8. Ya nne 9. Ondoa jitu lenyewe zinabaki 8, na 12 kutoa 8 ni mana 4, kiasi kile kile ulicho nacho.

Ukiwa wa pili mambo hubadilika. Unaanza na kadi 4 na Coin (kadi ya bure inayokupa mana 1 zaidi zamu hiyo), kwa hiyo ukilamba zamu ya pili na ya tatu bila kutoa chochote, mkono unajaa 10 na kadi ya zamu ya nne inaungua. Toa walau moja zamu ya tatu. Wengi hujaribu Coin hapo ili jitu litoke mapema, lakini Coin nayo ni kadi: ikitoka mkononi, bei inakuwa 5 na wewe una mana 4.

#2
Umesema vyema mkuu. Niongeze Molten Giant: bei 20, inashuka moja kwa kila uhai 1 uliopoteza. Uhai ukifika 10, jitu ni bure. Hapo unashusha mawili, kisha Sunfury Protector kwa mana 2 KATIKATI yao, si pembeni, maana anawapa ukinzani (Taunt: adui lazima awapige wao kwanza) walio kulia na kushoto kwake tu. Ukimweka pembeni, jitu moja linabaki bila kukinga na adui anapita. Na usijitibu kwanza! Earthen Ring Farseer akikurudishia uhai 3, kila jitu lililo mkononi linapanda mana 3. Majitu kwanza, tiba baadaye. Lord Jaraxxus, kadi iliyochukua nafasi ya shujaa wako, vivyo hivyo: enzi hizo alikuwekea uhai mpya wa 15 kamili, kwa hiyo Molten ilirudi bei ya 20.

Mwaka 2016 watengenezaji waliipandisha Molten hadi 25, na kwa maoni yangu walikiua kitu kizuri. Ilirudishwa 20 mwaka 2018.

#3
Kwangu mimi malkia ni shujaa mchawi Jaina na seti yake ya barafu, na hakuna seti iliyodai subira kama ile. Doomsayer (mana 2, nguvu 0, uhai 7) hufyeka uwanja wote zamu yako inayofuata ikianza. Mtangulize Frost Nova, mana 3, askari wa adui wagande wasimfikie. Jumla mana 5. Huharibika hasa kwa njia tatu: adui akimnyamazisha (kumfutia uwezo wake) kwa Ironbeak Owl, akimpiga 7 kwa uchawi au silaha, au akitoa askari mpya wa kushambulia papo hapo, kwani Nova hugandisha waliokuwapo tu.

Zamu ya 9 Alexstrasza anamshusha adui hadi 15. Zamu ya 10: Frostbolt 3, Ice Lance 4, Ice Lance 4, Fireball 6. Ni 17 kwa mana 8, na mana 2 zilizobaki ni pigo 1 la Jaina mwenyewe. Frostbolt lazima itangulie. Ice Lance kwa asiyeganda inamgandisha tu, haimuumizi.

Ice Block inazuia pigo la kifo, ila ni siri (kadi iliyofichwa inayojifyatua yenyewe), na siri hufanya kazi zamu ya adui tu. Kadi zikiisha, uchovu unakupiga 1, 2, 3 zamu yako mwenyewe, na Ice Block inakutazama ukifa.

#4
Mkuu #3, ulikuwa unamfanyaje Garrosh, shujaa wa kujijengea deraya?

#3
Huyo ndiye ugonjwa wa seti hii, ndugu. Alexstrasza hushusha uhai, deraya haigusi. Garrosh akiwa amejijengea deraya 20, zile 17 hazimfikii hata ngozi. Hapo ni kubana Fireball za Archmage Antonidas (hukupa moja kila ukitoa uchawi) na kuomba usilambe garasa.

#5
Grim Patron naye asisahaulike: akinusurika pigo anazaa mwingine. Mmoja, Whirlwind (uchawi unaompiga kila askari 1), wawili. Whirlwind ya pili, wanne. Kabla ya Oktoba 2015 Warsong Commander aliwaruhusu washambulie zamu hiyo hiyo. Dhidi yake usiache askari wa nguvu 1 uwanjani. Kila mmoja ni Patron mwingine. Uwanja ukifika 7 tu ndipo kuzaa kunakoma.