UZI: Wauza tipa wa Nyanda za Juu, "inabeba tani 10 na tela inavuta" mmeitoa kwenye karatasi ipi?

Kamwene wa Iringa na Njombe, ugonile Mbeya, wengine wote habari za saa hizi. Wasimamizi mkitaka kuuhamisha huu uzi uhamisheni ila msiufute, maana leo nina hasira na wauza tipa na madalali wao, kuanzia Iringa mjini mpaka Tunduma.

Natafuta tipa ya kati. Tairi kumi sitaki, saiti zangu nyingi ziko vichochoroni na vijijini ambako hata kugeuza ni kesi na mwenye shamba. Kazi ni mchanga, kokoto na moramu, halafu mara mojamoja kuvuta tela lenye rola ndogo au mikisa ya zege kutoka saiti moja kwenda nyingine. Kazi ya kawaida kabisa. Lakini toka ile barabara ya njia nne ya Nsalaga kwenda uwanja wa ndege wa Songwe ianze kuchimbwa, kila mwenye vihela anatafuta tipa na kila mwenye simu amekuwa dalali.

Ukimuuliza gari inabeba ngapi, "bosi hii tani 10 haikohoi". Tela je? "Hii inavuta hata nyumba bosi". Sawa, naomba hati iliyokuja nayo kutoka Japani. Hapo ndo stori zinaanza, mara iko Dar, mara iko kwa mwenye gari, mmoja akaniambia eti hizo karatasi TRA wakishazichukua hawarudishi, kwani hata picha hukupiga baba?

Na ile hati ndo kila kitu, maana ina uzito wa gari tupu, mzigo wa juu kabisa na uzito wa jumla. Hizi lori za Kijapani, Fighter ya Mitsubishi, Forward ya Isuzu na Ranger ya Hino, zinazoitwa tani 4, nyingi kule kwao zimesajiliwa uzito wa jumla usiofika kilo 8,000, sasa toa bodi la chuma, toa jeki ya kunyanyulia bodi na pampu yake, mzigo uliobaki ni kwenye tani 3 na nusu mpaka karibu 4. Basi. Wapo ndugu zao waliotoka kiwandani wameongezewa uwezo, chesisi nene, springi nzito, ekseli kubwa, hao ndo wa kazi zetu, tatizo kichwa ni kilekile na muuzaji anajua kwamba wewe unaangalia kichwa. Kama karatasi hakuna anza na nati za tairi, ile nyepesi mara nyingi ina nati 6 kila tairi na ile nzito ina 8 au 10. Sio kipimo cha mwisho ila kinakuokolea nauli, unaomba picha ya tairi la nyuma ukiwa kwako Makambako unakunywa chai, ukiona sita wakati jamaa anatangaza tani 10 unamuaga.

Halafu wanakuja na ujanja wa mizani. Eti "sheria inaruhusu bosi, mbele tani 8 nyuma tani 10, jumla 18". Ni kweli sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito, ambayo huku kwetu imeanza kutumika Machi 2019, inaruhusu hivyo kwa gari ya ekseli mbili yenye tairi nne nyuma. Lakini hicho ni kikomo cha barabara jamani! Mizani ya Makambako inalinda lami, springi zako hailindi. Gari iliyoundwa kwa tani 8 jumla haigeuki kuwa ya 18 kwa sababu mizani imekuachia upite.

Na mchanga hauna huruma. Kyubiki moja (mita moja ya ujazo) ya mchanga mkavu ni kama tani 1.6, ukinyeshewa unakaribia 2, na masika yetu mnayajua. Mtu anachomelea mbao na vyuma juu ya bodi apakie kyubiki 5, hapo kabeba tani 9 na ushee kwenye gari ya tani 4, difu likilia analaumu fundi.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi. Kuna yadi moja, siitaji jina maana sitaki kesi, walinitumia picha za tipa safi inang'aa, "orijino kutoka Japani, hook ipo, tela inavuta". Wakasema wateja ni wengi, nitume hela ya kushikilia gari na nikija nisiporidhika narudishiwa, meseji ninazo. Nikaenda na fundi, mzee mmoja mbishi balaa, hasalimiani na mtu, kwanza analala chini ya gari. Hakumaliza dakika tano akaniita. Nyuma ya kabini chesisi imekatwa na kuchomelewa, wamepaka rangi nyeusi nzito wafiche. Ile gari ilikuwa ya mizigo, bodi refu, wameifupisha wakatundika bodi la tipa la gari nyingine. Jeki imefungwa kwenye vyuma vya kuunga na PTO yenyewe, kile kifaa cha kuchukua nguvu kwenye giaboksi kuzungusha pampu ya jeki, inaonekana imepachikwa juzi. Na hiyo hook ya kufungia tela sasa, imechomelewa kwenye chuma cha mwisho cha chesisi, kile chembamba cha kushikilia taa, hakuna bamba la kuimarisha, hakuna bolti hata moja! Hapo ndo nifunge tela lenye rola nishuke nalo mteremko wa Iwambi?

Nikasema sichukui, nirudishieni hela yangu. Wakanijibu hela ya kushikilia hairudi, imeshikilia gari. Nikawaonyesha meseji yao, jamaa akasema aliyeandika hayupo, kasafiri. Mpaka leo simu hawapokei ila tangazo lao wamelipandisha tena, gari ileile na maneno yaleyale, bei wameongeza. Yaani aisee.

Turudi kwenye tela maana humu ndo kuna upotoshaji kuliko kote. Nikiuliza, wataalam wa humu mnanijibu "chukua Canter ya 4D33 mkuu, ngumu hiyo". Enjini ngumu ndio, nani kabisha? Mimi nauliza habari ya kusimama nyie mnanijibu habari ya kuondoka. Canter breki zake ni za mafuta na bakyumu, haina mtungi wa upepo wa kulisha breki za tela, kwa hiyo tela zito likiwa nyuma yake linasimamishwa na breki za gari peke yake. Hizi za kati nyingi zina upepo unaosukuma mafuta, kompresa ipo na mitungi ipo, lakini hiyo haina maana kwamba tela utachomeka tu, lazima lifungwe valvu ya tela, mipira miwili ya upepo na soketi ya taa, afunge mtu anayejua, na bado ubaki ndani ya uzito ambao gari na tela vinaruhusiwa kwa pamoja. Sijakutana na muuzaji hata mmoja anayejua hiyo namba ya pamoja. Ukimuuliza anakutajia hosi pawa.

Kwa mtu wa Dar labda inapita, kule tambarare. Sisi tuna Kitonga, tuna Mlima Nyoka, tuna Iwambi ya kushukia Mbalizi, na ukipeleka mzigo Tukuyu unapanda mpaka zaidi ya mita 2,000 kabla hujaanza kushuka. Huku breki za miguu peke yake zinachemka zinakufa, mnaosafiri mnaisikia ile harufu. Kwa hiyo breki ya ekzosi, ile inayobana moshi ili enjini yenyewe isaidie kupunguza mwendo, kwangu ni lazima na iwe inafanya kazi, washa gari, bonyeza, sikiliza. Nimekagua tipa nyingi hiyo swichi ni pambo, valvu imeng'olewa kwa sababu "ilikuwa inakula nguvu".

Kingine ambacho hamsemi ni hewa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na enjini ya dizeli isiyo na tabo ya kuisukumia hewa inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo ile enjini ya 6D16 isiyo na tabo uliyoijaribu Dar ikakufurahisha, ikifika Uyole na mzigo na tela utaanza kuijua upya. Tabo haitaki kelele za "tabo zinaharibika", matunzo tu, oili kwa wakati na usizime gari ghafla ikitoka mlimani. Na difu, ulizeni meno jamani. Gari ya mizigo iliyogeuzwa tipa mara nyingi imebaki na difu la mbio, tambarare inakimbia vizuri, ikikutana na mlima na kifusi dereva anaishi kwenye klachi. Meno 41 ya gia kubwa kwa 6 ya gia ndogo ni difu la kazi, 41 kwa 9 kaendeshe nayo magazeti.

Kuna muuzaji mmoja humu nilimwelezea haya juzi akasema ninachagua sana, tipa ni tipa, atapata mteja mwingine. Akipata ampe. Mimi bado nanunua na hela ipo, ipungue tu ile iliyoliwa.

Mwenye gari aweke hapahapa kwenye uzi picha ya hati ya Japani, picha ya tairi la nyuma nati zionekane, picha ya chesisi kuanzia nyuma ya kabini mpaka mwisho, isiwe imepakwa rangi jana, na video ya breki ya ekzosi ikifanya kazi. Gari ikaguliwe na mzee wangu kabla ya shilingi yoyote kutoka. Wale wa "njoo inbox bosi" pitieni mbali.